Kipe Kisanamu Kivuli Chake: Mwongozo Kamili wa Kupaka Rangi Visanamu vya Michezo ya Mezani Ukiwa Dodoma

Simama dirishani saa saba mchana umtazame mtu anayepita barabarani. Paji la uso linang'aa, mabega yanang'aa, na chini ya kidevu kuna giza. Mikunjo ya shati lake imejaa vivuli. Sasa chukua kisanamu cha plastiki chenye urefu wa milimita 28 ukiweke kwenye jua hilohilo. Kinaonekana bapa: uso, nguo na viatu vyote vina mwanga mmoja. Sababu ni udogo wake tu. Mkunjo wa nguo ambao kina chake hakifiki hata milimita moja hauwezi kuangusha kivuli ambacho jicho litakiona kutoka upande wa pili wa meza.

Kila hatua nitakayoieleza hapa inatokana na jambo hilo. Kivuli ambacho udogo umekinyima kisanamu, mpakaji ndiye anayekirudisha kwa brashi. Wengi wanaokwama baada ya kupaka visanamu kumi au ishirini wana mkono mtulivu na rangi nzuri tu. Wanapaka shati kwa nyekundu, buti kwa nyeusi, hawavuki mpaka hata mahali pamoja, halafu wanashangaa kwa nini askari wao anafanana na kitu cha kuchezea mtoto. Rangi za vitu wameshaziweka, mwanga bado.

Kwa mgeni wa jambo hili: visanamu ninavyovizungumzia ni vile vya michezo kama Warhammer ya kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, au Dungeons & Dragons, ambapo kila mchezaji husogeza watu wake juu ya meza. Aliyekulia kwenye bao, akajua raha ya kete za komwe zilizong'arishwa na mikono ya wazee, haitaji kuelezwa kwa nini mtu ahangaike na uzuri wa kitu cha kuchezea.

Meza, taa na maji

Ninapaka kwenye meza ndogo ya mbao, Chang'ombe, na imenichukua misimu kadhaa kuelewa kwamba Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu na vumbi halina likizo. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa Ulaya, kwenye hewa yenye unyevu, ambako rangi hukaa mbichi kwenye kibao kwa muda. Hapa kwetu, mwezi wa Septemba, tone la akriliki linaota ngozi ungali unatafuta brashi.

Dawa yake ni kibao chenye unyevu, na unakitengeneza mwenyewe. Chukua kopo bapa la plastiki lenye mfuniko, kunja tishu za jikoni mara tatu nne uzitandaze ndani, zilowanishe mpaka zishibe lakini maji yasielee, kisha laza juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi, unyevu unapanda taratibu kutoka chini, na ukifunika unaikuta kesho yake ikiwa bado inatumika. Badilisha tishu kila baada ya siku chache, zisije zikanuka. Wakati wa kiangazi mimi huongeza gliserini, ileile tunayopaka midomo isipasuke Juni na Julai: tone moja kwenye kijiko kimoja cha chai cha maji ya kupunguzia rangi. Usizidishe. Gliserini haikauki, na ikiwa nyingi rangi itabaki ikinata vidoleni kwa siku kadhaa.

Maji nayo yanahitaji umakini. Ya bomba mtaani kwetu yana chumvichumvi, na ukitaka ushahidi angalia ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukipunguzia rangi nyeusi kwa maji hayo, ikikauka inaacha ukungu mweupe kwenye mikunjo, mahali palepale ulipotaka pawe na giza. Suuza brashi kwa maji ya bomba, hakuna ubaya. Ya kuchanganyia rangi yawe ya kunywa ya chupa, au ya mvua yaliyochujwa. Chupa moja ndogo inakaa wiki nyingi.

Taa: balbu mbili nyeupe, moja kila upande. Balbu ya njano inadanganya, utaiona bluu kama kijivu na asubuhi utajuta. Ukitegemea dirisha, paka kabla ya saa nne asubuhi, jua halijawa kali.

Brashi tatu zinatosha. Ya kwanza iwe ya mviringo, namba 1 au 2, yenye ncha inayojikusanya vizuri ukiilowesha. Wengi hukimbilia vibrashi vidogo kabisa vya namba 000 wakidhani mistari myembamba inataka brashi nyembamba. Tumbo la brashi hiyo halibebi rangi ya kutosha, na kwa ukavu wa hewa yetu inakauka kabla haijagusa kisanamu. Mstari mwembamba unatoka kwenye ncha nzuri, hata kama brashi yenyewe ni nene. Ya pili iwe kuukuu, ya kuchanganyia rangi na kazi chafu. Ya tatu inunue duka la vipodozi: brashi laini ya duara ya kupaka wanja wa rangi kwenye kope. Utaiona kazi yake mbele. Duka hilohilo lina brashi ndefu nyembamba za kuchorea kucha, nazo ni nzuri kwa mistari ukishapata uzoefu.

Usiilaze brashi ndani ya kikombe cha maji, na usiruhusu rangi ifike kwenye kola ya bati inayoshika nywele. Rangi ikikaukia humo, nywele zinatanuka na ncha haitarudi. Ukimaliza, zungusha brashi kwenye sabuni ya kipande, suuza, ichonge kwa vidole ukiwa na sabuni kidogo, ilaze ikauke. Na usiilambe ili ipate ncha. Najua wapakaji wa siku nyingi wanaofanya hivyo, lakini baadhi ya rangi zina kadimiamu na vitu vingine visivyofaa kuingia mwilini.

Rangi ziwe za akriliki. Chupa ndogo za Citadel, Vallejo ya Hispania au The Army Painter ya Denmark zimesagwa laini kwa ajili ya kazi hii. Ukizikosa, akriliki za wasanii za kwenye mirija zinafaa, ila zinataka maji zaidi na uvumilivu katika kuzikoroga. Zisizofaa ni mbili: rangi ya maji ya ukutani, ambayo ni nzito na inaziba nyuso, na rangi za watoto wa shule zinazoyeyuka tena zikipata maji, kwa sababu mkono wa pili wa rangi utaufuta wa kwanza. Anza na nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, bluu, kahawia nzito na ile ya manjano ya udongo. Kwa hizo saba utachanganya karibu kila kitu.

Kusafisha mshono

Kila kisanamu kilichotoka kwenye kalibu kina mshono, mstari mwembamba unaopita ubavuni hadi kichwani. Ukiuacha, rangi itautangaza. Ukwangue kwa mgongo wa kisu chenye makali, umalizie kwa msasa laini au tupa ya kucha. Kisha osha kisanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani, ili mafuta ya kiwandani na ya vidole yatoke. Visanamu vya rezini vilivyochapwa kwa printa ya 3D vishikwe kwa glavu mpaka vimeoshwa na kukaushwa kwa mwanga wake maalumu, na ukivipiga msasa, vilowanishe kwanza na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la rezini si la kuvuta.

Kibandike kisanamu juu ya chupa tupu ya dawa ili usikishike mwili wakati wa kupaka. Kama huna visanamu vya kuharibu, wanyama wadogo wa plastiki wanaouzwa sokoni Majengo ni walimu wazuri. Tembo ana mikunjo ya ngozi inayofundisha kivuli kuliko askari yeyote.

Praima, na upepo wa Agosti

Praima ni mkono wa kwanza unaoshika plastiki ili rangi nyingine zipate pa kukaa. Mimi niliharibu visanamu kumi kwa siku moja katika hatua hii. Ilikuwa Agosti, saa nane mchana, nyuma ya nyumba. Nikapuliza nikiwa nimesimama mbali kidogo, nikaona rangi imekaa, nikaviacha. Nilipovigusa jioni vilikuwa kama msasa. Matone ya rangi yalikuwa yamekauka hewani kabla ya kufika, yakatua kama unga, na upepo ukaongeza vumbi lake. Nyuso zote kumi zilikuwa zimepotea.

Tangu hapo napuliza kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, upepo haujaamka, nikiwa nimeweka visanamu ndani ya boksi kubwa lililolazwa ubavu. Kopo linatikiswa dakika mbili kamili. Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza pembeni ya kisanamu, pita juu yake kwa haraka, malizia upande wa pili. Kamwe usisimamishe kopo juu yake. Mikono mitatu myepesi inashinda mmoja mzito. Masika uangalie kinyume chake: hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hutoka na ukungu, kwa hiyo subiri siku iliyokauka. Vaa barakoa misimu yote.

Jambo la kupima kabla: rangi za kopo za maduka ya vifaa vya ujenzi na za magari zina viyeyusho, na baadhi yake vinakula plastiki. Puliza kwanza kwenye kijiti cha plastiki kilichobeba vipande vya kisanamu hicho. Kikibaki kigumu na laini baada ya saa moja, endelea.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Puliza nyeusi kisanamu kizima, kiache kikauke. Kisha puliza kijivu kutoka juu kwa mshazari, kuzunguka pande zote. Mwisho puliza nyeupe kidogo kutoka juu kabisa, wima, kama jua la saa sita. Kigeuze ukitazame. Juu ya kichwa, mabegani, kwenye magoti na vidole vya miguu pamekuwa peupe. Chini ya kidevu, kwapani na chini ya joho pamebaki peusi. Jua la Dodoma limechorwa. Kipige picha kwa simu kutoka mbele, nyuma na kila upande kabla hujagusa brashi, kwa sababu ndiyo ramani utakayoifuata mpaka mwisho. Asiye na makopo afanye hivihivi kwa brashi: nyeusi yote, ikikauka, kijivu na nyeupe kwa brashi kavu (nitaieleza kwenye sehemu ya Mwanga) kutoka juu kwenda chini.

Rangi nyepesi, mikono miwili

Weka tone moja la rangi kwenye kibao na tone moja la maji pembeni yake. Vuta maji kidogokidogo ndani ya rangi kwa brashi kuukuu. Unatafuta wepesi wa maziwa, na ukifika kwenye mtindi ujue bado. Chovya brashi nzuri hadi nusu ya nywele, iguse tishu mara moja ili maji ya ziada yatoke, kisha pitisha mstari kwenye ukucha wako wa dole gumba. Mstari ukitambaa kuelekea kwenye mifereji ya ngozi, maji yamezidi au hukugusa tishu. Ukikatika katikati, rangi ni nzito. Ukikaa pale ulipouweka na ukauona ukucha kwa mbali chini yake, uko tayari.

Mkono wa kwanza utaonekana hafifu na wenye mabaka. Uache. Ishara ya mtu anayeanza ni kurudi juu ya rangi iliyokauka nusu, ikachanika na kuacha mikwaruzo isiyoondoka. Nenda kwenye mguu, rudi kwenye shati dakika tano baadaye upige mkono wa pili. Njano na nyeupe zitataka wa tatu, hata wa nne.

Kivuli

Kivuli cha majimaji ni rangi ya giza iliyopunguzwa sana, inayokimbilia kwenye mabonde yenyewe. Unaweza kununua iliyo tayari, au uchanganye tone moja la rangi na matone matano hadi nane ya maji, na sabuni ya vyombo kiasi cha ncha ya kijiti cha meno ili maji yatambae bila kusimama kama shanga.

Kosa kubwa ni kukimwaga kisanamu kizima kisha kukiacha. Ukavu wetu unakausha kingo za kidimbwi kwanza, na inabaki duara la doa katikati ya mgongo. Fanya kipande kwa kipande: mkono mmoja, subiri, mguu mmoja, subiri. Elekeza majimaji kwenye mikunjo, na yakikusanyika mahali usipotaka, yanyonye kwa brashi safi yenye unyevu.

Rangi ya kivuli ina siri yake. Usimpe kila mtu nyeusi. Njano ikipewa nyeusi inakuwa kijani chafu. Ipe kahawia yenye uchungwa. Nyekundu ipe kahawia nzito iliyoguswa na bluu. Nyeupe ipe kijivu cha bluu ukitaka ubaridi, au kahawia hafifu ukitaka vumbi la barabarani.

Mwaka 2019 Games Workshop ilitoa rangi za Contrast, zinazoweka rangi ya msingi na kivuli kwa mkono mmoja juu ya praima nyeupe au ya rangi hafifu. Ni msaada mkubwa kwa mwenye askari sitini wanaosubiri. Kwa anayetaka kujifunza, nashauri zije baadaye, kwa sababu rangi ndiyo inayoamua kivuli kikae wapi, na wewe unabaki hujui sababu.

Mwanga

Brashi kavu ndiyo njia ya haraka, na hapa ndipo brashi ya vipodozi inapofanya kazi. Ichovye kidogo kwenye rangi isiyo na maji, ifute kwenye tishu mpaka ionekane haina kitu, ipitishe nyuma ya kiganja chako. Ikiacha unga kidogo kwenye mistari ya ngozi, ipitishe juu ya manyoya, vazi la minyororo, mawe na nywele. Miinuko itashika, mabonde yatabaki. Kwenye sehemu laini, kama shavu au joho lisilo na mikunjo, inaacha vumbivumbi, kwa hiyo huko tumia tabaka.

Tabaka ni kazi ya subira. Rudia rangi ya msingi kwenye sehemu zote isipokuwa mabonde. Iongeze rangi angavu kidogo, paka eneo dogo zaidi kuelekea juu. Iongeze tena, paka dogo zaidi. Tabaka tatu zinatosha kuanzia. Mwisho, kwa ubavu wa brashi na wala si ncha, pita kwenye kingo za ngao, mkanda na upanga kwa rangi angavu kuliko zote.

Utaogopa. Ukikishika kisanamu sentimita kumi kutoka puani, tofauti hiyo ya giza na mwanga itaonekana imepitiliza. Kiweke mezani, rudi nyuma hatua moja, na utaona kumbe bado. Kipimo cha kweli ni simu: piga picha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama shati, uso na buti vyote vimekuwa kijivu kimoja, ongeza giza chini na mwanga juu. Ilinganishe na picha ya ramani uliyopiga mwanzo.

Ngozi yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yanafundisha ngozi ya waridi, halafu ngozi nyeusi inapewa mstari mmoja: tumia kahawia, ongeza nyeupe. Nilifuata hivyo kwa mwaka mzima. Siku moja mpwa wangu wa miaka saba alikichukua kisanamu changu, mlinzi mwenye mkuki, akakigeuza kwenye mwanga na kuniuliza, "Shangazi, mbona huyu amepauka? Hajapaka mafuta?"

Alikuwa sahihi. Kahawia ikichanganywa na nyeupe inakuwa ya kijivu, inafanana na majivu, na kila Mtanzania anaijua rangi hiyo kwenye magoti ya mtoto aliyetoka kuoga asubuhi ya Julai. Ngozi yetu inapopata mwanga inaenda kwenye joto: shaba, asali, udongo mwekundu. Na kwenye kivuli inaenda kwenye bluu na zambarau.

Kwa ngozi nyeusi tii, anza na kahawia nzito iliyotiwa bluu kidogo. Kivuli ni rangi hiyohiyo na bluu zaidi, iliyopunguzwa sana kwa maji, chini ya mashavu, pembeni mwa pua na shingoni. Mwanga wa kwanza: ongeza kahawia yenye wekundu, kwenye paji, mashavu, pua, kidevu, mabega. Wa pili: ongeza manjano ya udongo, eneo nusu ya lile. Kisha jambo linaloleta uhai: ngozi nyeusi yenye afya inarudisha rangi ya anga. Changanya bluu hafifu na nyeupe, ipunguze, weka nukta moja juu ya paji, moja kwenye ncha ya pua, moja kwenye kila mfupa wa shavu, zote ndogo mno. Kisanamu kimepata mafuta.

Kwa maji ya kunde, msingi ni kahawia ya kati na wekundu, kivuli ni kahawia nzito yenye zambarau, na mwanga unapanda kupitia manjano ya udongo hadi kwenye rangi ya malai. Viganja na nyayo ziwe na weupe kidogo na uwaridi wa kahawia, huku mistari ya kiganja ikibaki na giza. Mdomo wa chini upate mwanga kidogo, wa juu ubaki na kivuli. Na usipake jeshi zima rangi moja. Kaa nusu saa kwenye kituo cha daladala uhesabu ni kahawia ngapi zimepita mbele yako.

Macho ni ya haraka: doa jeusi kwanza, juu yake mstari wa nyeupe iliyotiwa kahawia (nyeupe tupu inatisha), kisha mstari wima wa nyeusi kutoka juu hadi chini badala ya kudonoa nukta. Ukikosea, rekebisha kwa rangi ya ngozi. Kisanamu kinachotazamwa kutoka mbali kinaweza kubaki na kivuli tu machoni, na hakuna atakayelalamika.

Mistari na mapambo

Kabla ya kuchora pindo la nguo au alama kwenye ngao, nenda Kolo, wilayani Kondoa, kama unaweza kumudu nauli. Michoro ya miambani ya huko imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na baadhi ya watu waliochorwa pale wamejengwa kwa mistari myembamba myekundu iliyopangwa sambamba, mwili mzima. Nilisimama mbele ya mmoja nikatambua kwamba mistari ile haina haja ya kunyooka kama rula. Inahitaji kuwa na mwelekeo mmoja na kutoka kwa mkono usiosita. Kwenye kisanamu ni hivyohivyo: egemeza kiganja kimoja kwenye kingine, na viwiko mezani, pumua nje, vuta brashi kukuelekea. Kukunja kwa nguo kukipindisha mstari, ufuate mkunjo, na mstari nao upate kivuli ndani ya bonde na mwanga juu ya mwinuko.

Ardhi ya chini

Kitako cha kisanamu ndicho kinachosema yuko wapi, na sisi tuna ardhi ambayo wengine wanainunua kwenye pakiti. Chota udongo mwekundu, uchekeche kwa chujio la chai, ukaange kwenye sufuria kuukuu dakika kumi ili mayai ya wadudu yafe. Paka kitako gundi nyeupe ya mbao, chovya, acha usiku kucha, kisha mwagia gundi iliyopunguzwa kwa maji ili vumbi lishike. Vijiwe vya itale vimejaa kila mahali. Vipake bila kuvifanya kijivu kitupu, kwa sababu ukiyatazama mawe ya kilima cha Mlimwa, hapa Dodoma, utaona waridi, kutu na madoa meusi. Majani ya chai yaliyotumika na kukaushwa yanakuwa majani yaliyopukutika. Nyuzi za katani zikikatwa milimita nane na kusimamishwa kwa tone la gundi ni nyasi za Septemba, tayari zina rangi yake. Kijiti kinene cha mbuyu wenyewe kinatosha kuwa gogo la mbuyu mzee.

Udongo nao upate mwanga: kivuli cha kahawia kuzunguka miguu, brashi kavu ya manjano ya udongo juu. Rangi hiyohiyo iguse kwa brashi kavu ncha za buti na pindo la chini la nguo. Mtu anayetembea Dodoma na viatu visivyo na vumbi hajatoka nyumbani.

Malizia kwa vanishi isiyong'aa, mikono miwili myepesi ya brashi au kwa kupuliza asubuhi ileile tulivu, baada ya rangi kukauka siku nzima. Kisha kiweke kwenye boksi la keki lenye mfuniko unaoonesha ndani, mbali na dirisha, kwa sababu vumbi likinasa kwenye mikunjo linajaza kivuli ulichokitafuta.

Visanamu vitano

Zoezi linalokuza mkono kuliko mengine yote ni hili. Chukua visanamu vitano vinavyofanana kabisa. Cha kwanza kipake unavyojua leo, ukimalize mpaka kitako. Cha pili rudia rangi zilezile, ongeza kivuli tu. Cha tatu, kivuli na tabaka mbili za mwanga. Cha nne, fanya kama cha tatu lakini kila giza liwe zito mara mbili na kila mwanga uwe mkali mara mbili, mpaka ukione kama umeharibu. Cha tano kipake kwa kadiri unavyoona inafaa kati ya cha tatu na cha nne.

Andika kwenye daftari mchanganyiko wa kila rangi, matone mangapi ya nini, na muda uliotumia. Usikirudie kilichotangulia kukirekebisha hata kikikukera, na usikioshe cha kwanza. Ukimaliza vyote, vipange dirishani saa saba mchana, kaa upande wa pili wa chumba, umwite mtu asiyejua lolote kuhusu rangi umuulize yupi kati ya watano hao amesimama juani.